Kulima Mboga za Kuuza Kigoma: Mwongozo Kamili kutoka Meza ya Soko hadi Tuta

Mtu anayefika soko la Mwanga alfajiri na kushinda pale siku mbili au tatu, mkononi akiwa na daftari badala ya kapu, hujifunza mengi kuhusu kilimo cha mboga ambayo jembe peke yake haliwezi kumfundisha. Ataona lengalenga (mchicha) ya kwanza ikishushwa kwenye baiskeli ingali na umande, ikanyakuliwa na wachuuzi kabla haijagusa chini; na saa nane mchana ataona lengalenga nyingine ya aina ileile imelala mezani, imenyauka, na mwenye meza akitoa mafungu mawili kwa bei ya moja ili asirudi nayo nyumbani. Huenda mizigo hiyo ilitoka bonde moja, kwa mbegu ya pakiti moja, na kilichoitofautisha ni saa ya kufika.

Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanzia sokoni na kurudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kwenye mbegu. Umeandikwa kwa ajili ya mkulima mdogo wa Kigoma mwenye robo ekari au nusu ekari, anayemwagilia kwa ndoo au kwa pampu ya kukanyaga, na anayeuza mboga zake mwenyewe au kwa wachuuzi wa soko la wazi.

Hatua ya kwanza: Kaa sokoni kabla ya kushika jembe

Chagua masoko mawili unayoweza kuyafikia kwa baiskeli au bodaboda kabla jua halijapanda. Mkulima wa bonde la Luiche ana Ujiji na Mwanga. Aliye upande wa Mwandiga ana soko la Mwandiga na Kigoma mjini. Wa Kasulu na Buhigwe wana magulio yao ya wiki, na walio karibu na mpaka wana masoko ya ujirani mwema ambako Warundi huvuka kununua na kuuza. Soko la kila siku na gulio ni biashara mbili tofauti. Soko la kila siku linataka mzigo mdogo usiokatika, kwa kuwa mchuuzi akikukosa siku tatu mfululizo atatafuta mkulima mwingine. Gulio linataka mzigo mkubwa kwa siku moja, na kinachobaki jioni hakina mnunuzi hadi wiki ijayo.

Andika kila mboga unayoiona, kipimo chake (fungu, sado, ndoo au tenga), bei yake ya asubuhi na ya jioni, na mahali ilikotoka. Swali la mwisho ndilo lenye faida kubwa, na ni heri uliulize kwa adabu, baada ya kununua chochote hata kama ni fungu moja la bamia. Mimi nilimwuliza mama mmoja wa Ujiji, "Shikamoo mama, hizi nyanya huwa mnazipokea siku gani?" Akanijibu, "Marahaba mwanangu. Za bonde zinakuja Jumanne na Ijumaa, wote mnaleta siku hizo hizo. Mimi nataka mtu wa Jumatatu." Jibu hilo lilinifaa kuliko mfuko wa mbolea, maana kuanzia hapo nilipanga kuvuna Jumapili jioni na Jumatatu alfajiri, nikawa sishindani na mtu.

Hatua ya pili: Soma mfuko wa mnunuzi, na usome mwezi

Kuna jambo la Kigoma ambalo miongozo iliyoandikwa kwa ajili ya mikoa mingine haiwezi kukuambia. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali wavuvi hupumzika, kwa sababu dagaa hawakusanyiki kwenye mwanga wa taa kama wanavyofanya usiku wa giza. Siku hizo fedha hupungua mialoni, wanakoshusha wavuvi, na anayeuza mboga Kibirizi au Katonga huliona pengo hilo mezani kwake hata kabla ya kutazama juu. Mchicha huchukua takriban wiki nne tangu kusia hadi kung'oa, na mwezi hukamilisha mzunguko wake kwa siku 29 na nusu; kwa hiyo mkulima anayelenga mialo akisia giza linapoanza, atavuna giza la mwezi unaofuata likiwa linaanza, wavuvi wakiwa wanarudi majini. Ni hesabu rahisi, lakini sijaona wengi wanaoifanya.

Vilevile usipange msimu bila kuuliza habari za ziwa. Mwaka 2024 uvuvi ulifungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, miezi mitatu ambayo ndiyo hasa miezi ya bustani za mabondeni. Mkulima anayetegemea wateja wa mialoni na aulize mapema kwa mtendaji wa kijiji au kwa viongozi wa mwalo ili, kama kuna mpango wa kufunga tena, mzigo wake auelekeze kwenye masoko ya nchi kavu.

Hatua ya tatu: Chagua mboga kulingana na mahali ulipo

Uso wa Ziwa Tanganyika uko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, ilhali Kasulu iko juu ya mita 1,200 na milima ya Manyovu imepanda zaidi ya hapo. Tofauti hiyo ya joto huamua mambo mengi. Kabichi na karoti hupenda ubaridi. Ukizipanda kando ya ziwa kabichi itachelewa kufunga na kichwa kitakuwa kilegevu, kisha utapambana na mizigo mizuri inayoshuka kutoka milimani. Mwacheni mtu wa Manyovu auze kabichi zake. Wewe wa ukanda wa ziwa na wa Luiche una mboga zinazopenda joto: lengalenga, matembele, bamia, nyanya chungu, bilinganya, pilipili, na nyanya ukizitunza. Sombe, yaani kisamvu, nayo ina soko lisilokauka mkoani humu, hasa ikipikwa kwa mawese, na miti ya mihogo kwenye mpaka wa shamba haidai maji ya ndoo.

Kwa anayeanza, ninashauri theluthi mbili ya eneo liwe la mboga za majani na theluthi moja liwe la mboga za matunda. Mboga za majani hurudisha fedha ndani ya mwezi mmoja na kukuwezesha kulipia madawa na vibarua wa nyanya. Nyanya huleta fedha nyingi kwa mara moja lakini huweza kukuacha mikono mitupu. Nyanya chungu iko katikati: huanza kuchumwa takriban miezi miwili na nusu baada ya kuhamisha miche, kisha huendelea kuzaa kwa miezi kadhaa ikipata maji na samadi. Kwa maoni yangu ndiyo mboga inayodharauliwa kuliko inavyostahili.

Hatua ya nne: Pima eneo kwa ndoo za maji

Kabla ya kuchimba, pima mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufuo wa ziwa. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza ndani ya umbali huo shughuli za kudumu, au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuharibu hifadhi ya kingo. Bustani iliyochimbwa ukingoni inaweza kuondolewa wakati wowote, na hata isipoondolewa, mvua za masika huichukua pamoja na udongo wake. Anayetaka kuvuta maji kwa injini afike kwanza Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Tanganyika, ambayo makao yake yako Kigoma, aulizie kibali.

Sasa hesabu. Katika kiangazi, kuanzia mwishoni mwa Mei hadi Septemba, tuta la mita 1 kwa mita 10 hunywa lita 40 hadi 60 kwa siku, yaani ndoo mbili hadi tatu za lita 20. Matuta 20 yanadai ndoo 40 hadi 60 kila siku, na kila ndoo ina uzito wa kilo 20. Simama kisimani ujiulize ni ndoo ngapi wewe na wanaokusaidia mnaweza kubeba kila siku kwa miezi mitatu bila kuugua mgongo, kisha ugawanye kwa tatu. Idadi utakayoipata ndiyo idadi ya matuta yako. Wengi hulima eneo linalotosha nguvu zao za siku ya kwanza, na ifikapo Agosti, kisima kikiwa kimeshuka, nusu ya bustani imekauka. Matuta kumi yaliyoshiba maji yatakupa mboga laini na nzuri kuliko ishirini yaliyoonjeshwa tu, kwa sababu mchicha unaopata kiu hukimbilia kutoa maua na majani yake huwa magumu.

Matandazo ya nyasi kavu au majani ya migomba hupunguza ndoo hizo kwa kiasi cha kuonekana. Mwagilia asubuhi na mapema au jioni, na maji yaende kwenye mizizi.

Hatua ya tano: Hesabu siku kwa kurudi nyuma

Hapa ndipo mimi nilipoumia. Mwaka wangu wa kwanza nilipanda robo ekari ya nyanya, yote kwa siku mbili za mwezi Juni, kwa kuwa bonde zima lilikuwa likipanda. Zilistawi, na hilo ndilo lililonidanganya. Ilipofika Septemba kila baiskeli iliyopanda kutoka bondeni ilikuwa na tenga la nyanya, na zangu zilikaa chini ya mwembe siku tatu zikisubiri bei ipande. Haikupanda. Mwishowe nililipa bodaboda fedha nyingi kuliko nilizopata kwa tenga la mwisho.

Anza na wiki unayotaka kuuza, kisha urudi nyuma. Tuseme unataka nyanya za kwanza ziingie sokoni tarehe 1 Januari, wakati mvua imewatoa wengi shambani. Tangu kuhamisha miche hadi matunda ya kwanza kuiva ni takriban siku 75, hivyo miche ihamishwe tarehe 18 Oktoba. Kitaluni hukaa wiki nne, hivyo mbegu isiwe imechelewa kusiwa zaidi ya tarehe 20 Septemba. Ongeza wiki moja ya tahadhari. Mara moja utagundua kwamba Januari bonde litakuwa limejaa maji, na kwamba nyanya hizo lazima ziwe kwenye mwinuko, kwenye matuta yaliyoinuliwa na miti ya kuegemea. Hesabu ya tarehe imekuamulia na shamba lenyewe.

Kwa mboga za majani, siri ni kusia kidogo kila wiki. Ukiwa na matuta manne ya mchicha, sia moja kila Jumamosi. Wiki ya tano unang'oa la kwanza na kulisia upya siku hiyo hiyo baada ya kuongeza samadi, na kuanzia hapo hukosi mzigo hata wiki moja. Sukuma wiki ikishakaa kitaluni wiki nne na kuhamishwa, majani yake huanza kuchumwa baada ya wiki tano au sita, ukichuma ya chini na kuacha ya juu yaendelee kukua. Chainizi huwa tayari kwa siku 35 hivi. Bamia huanza kuzaa siku ya 50 hadi 60.

Zingatia pia kwamba mvua zinapokolea, watu wengi hupata mboga bure au kwa bei ndogo: majani ya kunde, ya maboga na ya maharage, pamoja na mchicha unaojiotea mashambani. Kwa hiyo bei nzuri ya mboga za majani hutafutwa mwishoni mwa kiangazi, Septemba na Oktoba, wakati visima vingi vimechoka, na bei nzuri ya nyanya hutafutwa katikati ya mvua, wakati ukungu umeziteketeza za wengine.

Hatua ya sita: Andaa tuta na usie

Upana wa tuta uwe mita 1 ili uweze kupalilia katikati ukiwa umechuchumaa pembeni bila kulikanyaga. Kiangazi tuta liwe la kuzama kidogo, lenye kingo, ili maji yabaki ndani. Masika liinuliwe sentimita 20 hadi 30. Tuta la mita 10 linahitaji madebe manne hadi matano ya samadi ya ng'ombe au mbuzi iliyooza vizuri. Ya kuku ni kali, nusu yake inatosha. Ili kujua kama imeiva, ingiza mkono ndani ya lundo hadi kwenye kiwiko: kama kuna joto, iache wiki mbili zaidi, uigeuze. Samadi mbichi huunguza mche na huleta magugu ambayo yatakulaza bustanini.

Nunua mbegu kwenye duka lenye leseni, kwenye pakiti yenye lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu nchini, na tarehe ya mwisho ya matumizi, na usome tarehe hiyo ukiwa bado dukani. Bado usiiamini kabisa. Chukua mbegu 50, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, na uhesabu zilizoota baada ya siku tano kwa mchicha, au nane kwa nyanya. Zikiota chini ya 35, ongeza kiasi cha kusia au urudishe pakiti. Niliwahi kusia kitalu kizima kwa mbegu iliyopitwa na wakati, na kilichonipotea zaidi kilikuwa zile wiki mbili.

Mbegu ya mchicha ni ndogo kuliko punje ya mtama, na mkono wa haraka humwaga kiganja kizima mahali pamoja. Tuta la mita 10 linatosheka na gramu 10 hadi 20. Zichanganye na mchanga mkavu, mara kumi ya wingi wake, kisha uzitiririshe kwenye mifereji yenye kina cha ukucha mmoja, mfereji hadi mfereji sentimita 20. Fukia kwa udongo mwembamba, tandaza nyasi, nyunyizia kwa keni yenye matundu madogo, na siku ya nne au ya tano, uonapo uwekundu au ukijani unachungulia, ondoa nyasi jioni. Ukizichelewesha miche hurefuka na kulala. Baada ya wiki mbili punguzia. Miche unayoing'oa ni mboga tayari, usiitupe.

Hatua ya saba: Nyanya zinahitaji jicho lao peke yao

Kwa anayeanza, aina kama Tanya na Tengeru 97 zinafaa kwa sababu si chotara, na unaweza kujihifadhia mbegu kutoka matunda bora. Mbegu chotara huzaa sana zikipata matunzo, lakini mbegu za matunda yake hazirudi kuwa kama mama.

Usipande nyanya mahali palipokuwa na nyanya, bilinganya, nyanya chungu, pilipili au viazi mviringo ndani ya miaka mitatu iliyopita, maana zote ni ukoo mmoja na hurithishana magonjwa. Wiki moja kabla ya kuhamisha, punguza maji kitaluni ili miche ikomae. Hamisha jioni, sentimita 75 kati ya mistari na 50 kati ya miche. Simika mti kila mche ukiwa bado mdogo, ufunge kwa kamba laini kwa kitanzi kilicholegea, na uondoe majani ya chini yanayogusa udongo, kwa kuwa ukungu mwingi huanzia pale matone ya mvua yanaporusha tope.

Mche ukinyauka ghafla ukiwa bado wa kijani, usikimbilie ndoo ya maji. Kata kipande cha shina karibu na udongo, urefu wa kidole, kining'inize kwenye glasi ya maji safi na usubiri dakika chache bila kuitikisa glasi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka kwenye shina, huo ni mnyauko wa bakteria. Hauna dawa ya kupulizia, na atakayekuuzia dawa hiyo anakudanganya. Ng'oa mche pamoja na udongo wa mizizi yake, uchome mbali na bustani, osha jembe, zuia maji ya sehemu hiyo yasitiririke kwenda kwingine, na mwaka ujao upande hapo mahindi.

Adui mwingine ni kantangaze, nondo mdogo aliyeingia Tanzania mwaka 2014, asili yake Amerika ya Kusini. Kiwavi wake huishi ndani ya jani, akila nyama ya kati na kuacha ngozi mbili zinazopitisha mwanga kama karatasi, kisha hutoboa tunda karibu na kikonyo. Kwa kuwa amejificha ndani, kupulizia kila siku hakumfikii. Kinachosaidia ni kukagua majani mara mbili kwa wiki, kuyachuma yenye alama pamoja na matunda yaliyotobolewa, kuyafunga kwenye mfuko wa plastiki na kuuacha juani hadi kila kitu kiive ndani, na kuweka mitego ya harufu inayovuta madume. Majirani wasipofanya hivyo, wako watarudi. Heri muafikiane mkiwa bondeni.

Kuhusu dawa kwa jumla, tumia zilizosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na kabla ya kufungua chupa tafuta kwenye lebo idadi ya siku za kusubiri kati ya kupulizia na kuvuna. Kama lebo inasema siku 14, na wewe unachuma sukuma wiki kila siku nne, basi dawa hiyo haina nafasi kwenye sukuma wiki yako. Kwa mboga za majani jizoeze majivu, maji ya majani ya mwarobaini, na kuondoa kwa mkono majani yenye vidukari. Mnunuzi hawezi kuona sumu kwenye jani, na ndiyo maana jukumu hilo ni la mkulima.

Hatua ya nane: Vuna kabla ya jua

Jani lililovunwa saa tano limebeba joto la jua ndani yake na litanyauka likiwa njiani, hata ukilimwagia maji. Ingia bustanini kukiwa na mwanga wa kutosha kuona magugu tu. Shika mashina kumi hadi kumi na tano ya lengalenga kwa mkono mmoja, ng'oa kwa kuvuta kwa pembeni, kung'uta udongo kwenye paja au kwenye mpini wa jembe, yapange mizizi usawa mmoja, kisha uzungushe kamba ya mgomba mara mbili na kuipenyeza chini yake yenyewe. Mizizi ikae, jani hubaki hai muda mrefu zaidi likiwa na mzizi wake. Suuza kwa maji ya kisima, kamwe yasiwe ya mfereji unaopita kwenye makazi, na usimamishe mafungu kivulini chini ya gunia lililoloweshwa mpaka baiskeli iwe tayari.

Nyanya haziogeshwi. Za kuuza siku hiyo hiyo zichumwe zikiwa zimeiva. Za wachuuzi wa maboti ya Kibirizi, ambazo zina safari ndefu mbele yake, zichumwe zikianza kubadilika rangi. Tenga refu lililojazwa hadi juu huponda nyanya za chini kwa uzito wa za juu, na unapolifungua mnunuzi huanza kwa kukagua chini. Kreti za plastiki ni ghali kidogo mwanzoni, lakini hudumu misimu mingi. Ukishindwa, tumia tenga fupi na utandike nyasi kavu pande zote. Bamia zichumwe kila baada ya siku mbili hata kama hakuna mteja, kwa sababu zikizidi hukomaa na mti hupunguza kuzaa.

Hatua ya tisa: Panga, uza, na ujue saa ya kushusha

Amua mapema kama utauza kwa jumla au utakaa mezani. Chukua mfano wa tuta moja la mchicha linalotoa mafungu 60. Ukiyauza yote kwa mchuuzi saa kumi na mbili kwa shilingi 150, unapata 9,000 na saa moja baadaye uko bustanini. Ukikaa mezani na kuuza 45 kwa 200, kisha 15 ya jioni kwa 100, unapata 10,500. Tofauti ni 1,500, na humo unatoa ushuru wa meza, chakula cha mchana na siku nzima ambayo ungemwagilia. Kukaa mezani hulipa ukiwa na mboga za aina tano au sita kwa pamoja, au kama ndani ya nyumba yupo anayeijua biashara kuliko wewe.

Ukikaa, mafungu yawe sawa. Mama anayepika kila siku ana macho. Akikuta nyanya nne kubwa juu na mbovu chini, hatagomba, ila hatarudi. Nyunyizia maji mboga za majani mara kwa mara, na zikae kivulini, ukizisogeza kivuli kinapogeuka mchana. Weka saa ya kushusha bei, kwa mfano saa tisa, na uifuate. Wateja wa kudumu kama mama lishe na wapishi wa shule wapatie kiasi kilekile kila siku, hata siku ambayo bei sokoni imepanda, na wao watakununulia siku imeshuka.

Dai risiti kwa kila ushuru unaolipa na uihifadhi. Fahamu pia kwamba bajeti ya serikali ya mwaka 2017/18 iliwaondolea ushuru wa mazao wakulima wanaosafirisha mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Baiskeli na bodaboda yako haiwezi kufikia huko, kwa hiyo ukisimamishwa njiani uliza kwa utulivu ni ushuru gani unaodaiwa. Kuhusu vipimo, mnunuzi wa jumla anayetaka gunia la lumbesa au tenga lenye kilima juu anakuomba umpe bure sehemu ya jasho lako. Pendekeza mzani. Akikataa mzani, pandisha bei ya tenga kulingana na kilima hicho.

Hatua ya kumi: Daftari la matuta

Kila tuta lipewe namba iliyoandikwa kwenye kibao au kwenye debe kuukuu lililosimikwa kichwani mwake, na kila namba iwe na ukurasa wake: tarehe ya kusia, mbegu na kiasi, samadi, tarehe ya kuvuna, idadi ya mafungu, siku ya juma, soko, fedha zilizoingia, zilizotoka. Andika siku hiyo hiyo, mikono ikiwa bado na udongo, maana kumbukumbu ya Jumapili huwa imeongeza chumvi. Baada ya mizunguko mitatu linganisha kurasa. Tuta linaloshindwa kulipa maji yake mara mbili mfululizo libadilishiwe mboga, hata kama ni mboga unayoipenda mezani kwako. Langu namba 7 lilikuwa la karoti kwa sababu wageni walizisifia. Sasa ni nyanya chungu, na huvunwa kila Jumapili jioni kwa ajili ya yule mama wa Ujiji.